Sikio la Kushoto la Fundi Ndege

Kwa miaka minne mizima niliamini, tena kwa imani ya mtu aliyeshika msahafu, kwamba Fundi Ndege alikuwa na jini aliyepanga chumba katika sikio lake la kushoto. Sikuwa peke yangu. Ngamiani nzima pale Tanga, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, ilimjua jini yule: katokea Pemba, hapendi kitunguu, na chakula chake ni oili nyeusi, kikombe kimoja kila asubuhi. Kodi ya chumba aliilipa kwa maneno. Injini ikiugua, yeye ndiye aliyemnong'oneza Fundi ni silinda ipi inayoumwa na inaumwa nini.

Ushahidi ulikuwapo, msinicheke. Fundi alipotaka kujua hali ya injini, aliigusa kwa ncha ya bisibisi ndefu, akauweka mpini kwenye sikio la kushoto, akafumba macho. La kushoto, kila mara. Hata kama ilimbidi ajipinde kama mtu anayetafuta senti chini ya kitanda, sikio la kulia hakulitumia. Akifumbua macho husema, "Ya tatu. Vali inavuja." Wanafungua ya tatu, vali inavuja. Sasa mtu wa kawaida atajuaje?

Na ile oili niliiona mwenyewe. Asubuhi kabla ndege haijawashwa, alifungua plagi ya silinda ya chini, ikachuruzika oili nyeusi kwenye kopo, akaenda nayo nyuma ya banda. Hakuna aliyemfuata kuona anaifanya nini. Nani amfuate mtu anayekwenda kumlisha jini?

Mimi wakati huo nilikuwa fundi baiskeli, Barabara ya Nane, chini ya kibanda cha bati kilichokuwa kidogo hivi kwamba nikipiga chafya nusu yake inatokea mtaa wa pili. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, hesabu na Kiingereza, kwa taa ya karabai iliyovuma kuliko mwalimu. Nilipopata cheti nilikitia fremu nikakitundika juu ya ndoo ya kuzamishia mipira iliyotoboka, na tangu siku hiyo watu wakaniita Msomi. Walikuwa wananitania. Mimi nilikuwa naitika kwa dhati.

Nataka ieleweke mapema: nilimwonea Fundi Ndege wivu. Sisemi nilimhusudu kidogo kama wasemavyo watu wenye adabu. Nilimwonea wivu unaokula na kushiba na kuomba tena. Niliuonea wivu mkoba wake wa spana uliokunjwa kama mkeka wa kuswalia. Niliionea wivu sabuni yake, maana alikuwa akinawa mikono kwa mchanga, kisha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, na akija barazani jioni kucha zake ni nyeupe kuliko za bwana harusi. Kucha zangu mimi, fundi wa minyororo, zilikuwa na msiba wa kudumu.

Alihudumia ndege moja. Moja tu! Mali ya Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, aliyeitumia kukagua mashamba na kwenda Mombasa kula samaki, kana kwamba Tanga hatuna samaki. Ilikuwa ndege kuukuu ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyovaa turubai lililopakwa rangi. Siku ambazo wingu lilikaa juu ya milima ya Amani na kukataa kuondoka, haikuruka, na Fundi alishinda akiifuta kama mwanamke afutavyo vyombo vya wageni.

Injini yake ndiyo iliyoniua. Injini za lori na za korona, ile mashine ya kuchakata mkonge pale shambani, zimekaa kwa mstari, silinda moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaongoja zahanati. Hii ilikuwa ya duara. Kasha la chuma katikati, na silinda tano zimechomoza kulizunguka, moja imetazama juu, mbili ubavuni, mbili zimeelekea chini. Mimi niliyekula na kulala na magurudumu niliiona nikasema: hili ni gurudumu, na zile ni spoku zake. Nani Tanga nzima anazijua spoku kunizidi mimi? Hapo ndipo moyo wangu ulipoamua kwamba kazi ile ilikuwa yangu, na kwamba Fundi alikuwa amekaa juu yake tu, akiniwekea.

*

Nimkosoe kwanza, niburudike.

Hakuwa na sauti ya kiungwana. Alisema kwa kelele jambo ambalo watu wengine hunong'ona. Aliweza kumwambia mtu barazani, "Shati lako limechanika nyuma!" mpaka wanawake wa uani wakatoka kutazama. Kisha huyo huyo alikuwa na kiburi. Ukimwamkia mbele ya uso wake, "Shikamoo, Fundi," alikuitikia marahaba tamu ya mviringo na kukuuliza habari za watoto ambao huna. Ukimpitia ubavuni, wewe na mnazi mlikuwa kitu kimoja. Siku moja nilikuwa nyuma yake kwa baiskeli, barabara ya kwenda uwanja wa ndege, naye anaendesha yake katikati ya njia. Nilipiga kengele. Kengele yangu niliichagua mwenyewe kutoka baiskeli mia, iliweza kusikika Muheza. Hakusogea. Nikapita upande wake wa kulia, kanzu yangu ikimgusa goti, naye akashtuka kana kwamba nimedondoka kutoka mbinguni.

"Hee! Unatokea wapi weye?" akapiga kelele.

Nilijua alinisikia. Wakubwa wana namna yao ya kukwambia kwamba huonekani.

Jambo jingine: hakuwahi kupanda ndege. Aliijua injini ile kama mtu aijuavyo sala yake, lakini Mgiriki alipomwambia apande wakazunguke juu ya mji, alikataa katakata. "Mimi naitengeneza," alisema. "Kujaribu kama nimeitengeneza vizuri ni kazi ya mwenyewe." Mgiriki alicheka mpaka akakohoa. Ningesema hivyo mimi ningefukuzwa kabla ya kumaliza sentensi.

Na ubahili wa maneno kazini, mpaka inachukiza. Muulize swali la dakika moja, ukae siku tatu ukingoja jibu. Lakini likija, linakuja na mwili wake wote. Nitatoa mfano mmoja, ingawa unanichoma.

Watu walikuwa wakibishana barazani kwa nini injini ile ina silinda tano. Kwa nini si nne, au sita, hesabu nzuri ya kugawanyika? Mimi nilikuwa nimeshatoa maelezo marefu yenye maneno matatu ya Kiingereza. Fundi alimaliza kahawa yake akaenda kulala. Kesho yake alifika na kumshika muuza kahawa mkono. Akawaketisha watu watano chini kwa duara.

"Wamiminie," alimwambia muuza kahawa. "Lakini mimina kwa kuruka mmoja. Mpe huyu, ruka, mpe huyu, ruka. Usisimame. Zunguka mara mbili."

Muuza kahawa akazunguka na dele lake. Wa kwanza, wa tatu, wa tano, wa pili, wa nne. Mizunguko miwili ilipokwisha, kila mtu alikuwa na kikombe kimoja, hakuna aliyepata viwili, hakuna aliyekosa, na kahawa ilishuka kwa mwendo ule ule, haikukatika.

"Ndivyo inavyowaka," alisema Fundi. "Silinda moja inawaka, ya pili yake inapumzika. Mizunguko miwili, zote zimeshawaka, na ndege haitetemeki. Sasa ongezeni mtu mmoja. Wewe, Msomi, kaa hapo."

Nikakaa, wa sita, nimejaa fahari. Muuza kahawa akazunguka tena. Wa kwanza, wa tatu, wa tano. Mzunguko wa pili, wa kwanza, wa tatu, wa tano. Watatu wana vikombe viwili viwili na macho yamewatoka. Sisi watatu wengine tunameza mate.

"Mnaona? Huyu Msomi angekuwa silinda, asingewaka mpaka Kiyama," alisema Fundi, kwa ile sauti yake ya kutangaza mnada.

Baraza lilianguka kwa kicheko. Nami nilicheka, maana mimi ni mtu wa kucheka, lakini mwaka mzima uliofuata kila aliyeleta baiskeli aliniuliza kama siku hizi nawaka. Na lililoniuma zaidi ni kwamba lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyopata kwa karabai.

*

Sasa nieleze lile lililokuwa halinipi usingizi. Fundi alikuwa anabuni injini yake mwenyewe.

Hakulitangaza, lakini sisi wenye wivu tuna macho. Alikuwa na mbao za masanduku ya chai, na juu yake amechora kwa penseli na bikari duara ndani ya duara. Ilikuwa injini ndogo, ya silinda tano, kwa ndege nyepesi ya mtu mmoja. Pistoni na silinda alizitoa katika pikipiki mbovu zilizoachwa na jeshi. Mengine yote yalitoka kichwani mwake. Pistoni tano haziwezi kushika kranki moja, ule mhimili unaozunguka, mahali pamoja, kwa hiyo mmoja wa mikono yao ya chuma ulikuwa mkubwa, aliuita mama, ndio uliokumbatia kranki, na mikono minne mingine, watoto, ikajishikiza kiunoni kwa mama. Alichora mama yule mara arobaini. Pengine mara nane. Lakini mimi niliona arobaini.

Pistoni zote ilibidi ziwe na uzito mmoja, la sivyo injini ingecheza ngoma. Hakuwa na mizani ya maana. Akazibeba kwenye kikapu mpaka duka la Mhindi wa viungo, akaomba mizani ya bizari.

"Fundi," alilia mwenye duka, "leo wateja wangu watakula pilau ya grisi!"

"Nimeziosha kuliko sahani zako," alisema Fundi, naye akapima, akapiga tupa kidogo kwa ndani, akapima tena, akakaa pale mpaka adhuhuri. Tano zote zililingana na punje zile zile za pilipili manga. Nilisimama mlangoni nikijidai nanunua iliki. Nilinunua iliki nyingi sana mwaka ule.

Joto letu la pwani nalo alilifikiria. Injini hizi hupozwa na upepo, alisema, na zimebuniwa na watu wa baridi. Mbele ya silinda kunapoa, nyuma kunaungua. Alikata madebe ya mafuta ya taa akatengeneza vibao vya kuupinda upepo uzunguke mpaka mgongoni mwa silinda, akavijaribu kwenye ndege ya Mgiriki. Kipimo chake kilikuwa mate. Ndege ikitua, anatema nyuma ya silinda, anahesabu. Yakikauka kabla ya tatu, anakipinda kibao zaidi.

Alihitaji msaidizi. Kila mtu alijua. Na mtu wa kumfaa, mwenye cheti, mjuzi wa spoku, mpimaji wa ringi kwa jicho tupu, alikuwa anajulikana pia.

Nilimwomba barazani. Kila jioni Fundi alikaa mahali pamoja, mwisho wa benchi, bega lake la kulia limegusa ukuta, wengine wote wakiwa kushotoni kwake. Nilifunzwa nyumbani kwamba upande wa kulia ndio wa heri. Msikitini unaingia kwa mguu wa kulia, unakula kwa kulia, unapokea kwa kulia. Nikaona na ombi langu lipite kulia. Nikajipenyeza baina yake na ukuta kama karatasi, nikainama kwa heshima, nikasema kwa sauti ya chini, kama amwombavyo mtu baba mkwe: "Fundi, natafuta kazi kwako. Sitaki mshahara mwanzoni. Nataka kujifunza. Nichukue, sitakuangusha."

Niliyatunga maneno yale siku kumi. Fundi aliangalia mtaa. Akanywa kahawa yake mpaka mwisho. Kisha akageuka kushoto, akamwambia mtu wa pili habari za bei ya nazi.

Nilikaa pale nimebanwa na ukuta, masikio yanawaka moto. Angalau kitu changu kimoja kilikuwa kimewaka.

Mara ya pili nilimkuta anarudi kutoka kazini kwa miguu, anasukuma baiskeli yenye pancha. Nikamchukulia baiskeli, nikaisukuma mimi, nikatembea kuliani kwake. Nikamwambia yote upya. Nikamwambia nimelielewa lile jambo la mama na watoto, nikamwambia hata namna ambavyo ningeikata pini ya mtoto wa tatu. Nilikuwa katikati ya maelezo, wallahi, alipoanza kupiga mluzi. Wimbo wa harusi. Aliupiga mpaka tukafika kwake, akanishukuru sana kwa kumsukumia baiskeli, akaingia ndani.

Wiki ile ile alimchukua Rashidi.

Rashidi alikuwa Mdigo, mtu mzima kama mimi, mchukuzi wa bandarini, hajui kusoma hata jina lake kwenye kanga. Alikuwa na sauti ya kuamrisha winchi. Akikusalimia kwa karibu, kofia inapeperuka. Nilikwenda kumuuliza alimwombaje Fundi kazi.

"Nilimpigia kelele tu," alisema Rashidi. "Nilikuwa huku ng'ambo ya uwanja, nikamwambia, Fundi ee, nipe kazi! Akasema njoo."

"Basi?"

"Basi. Mbona umekunja uso, Msomi?"

*

Nilikwenda bandani siku moja kumwonyesha kwamba amekosea. Fundi alikuwa ndani ananawa. Rashidi alikuwa kando anapiga pampu gurudumu. Nikaishika rafadha, lile panga la mbele linalozunguka, nikasema leo naamsha ndege mwenyewe. Ikazunguka kidogo, ikakwama. Nikaikaza. Ikagoma. Nikaweka bega.

"Acha, Msomi!" Rashidi alinguruma mpaka popo wakatoka darini. "Utamvunja mama!"

Fundi akaja mbio. Hakunigombeza. Alifungua plagi ya silinda ya chini, na oili ikachuruzika kwenye kopo. Kisha akaisukuma rafadha kwa vidole viwili, ikazunguka laini kama gurudumu lililopakwa grisi.

"Silinda ya chini ndiyo ya kuanza nayo," aliniambia kwa ile sauti yake kubwa. "Injini ikilala, oili inateremka inajaa huko. Oili haibanwi. Ukilazimisha, unapinda mkono. Hata mimi nikiikuta ngumu sishindani nayo. Naitoa kwanza ilichokinywa."

Ungedhani hapo ningelijua jambo la kikombe cha oili. Wapi! Wivu hauna haja ya sababu. Niliondoka nikijiambia kwamba mbele yangu ameificha siri ya jini kwa kisingizio cha silinda.

Na sasa nakuja kwenye lile ambalo si la kuchekesha, ingawa wakati ule nililifanya nikicheka.

Injini ya Fundi ilibakiza kasha la katikati, lile ambalo silinda zote hujishikiza. Hili ni la kusubu, aluminiamu inamiminwa katika kalibu ya mchanga. Fundi wa kusubu sufuria tulikuwa naye mmoja, jirani yangu wa karibu. Walikubaliana, sufuria mbovu zikakusanywa, kalibu ikafinyangwa. Yule jirani akaja kibandani kwangu kuziba pancha, akaniuliza, kwa kuwa mimi ni msomi, hivi lile jambo la jini ni kweli?

Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Ni kweli." Halafu, kwa kuwa sijawahi kuiacha habari katika ukubwa niliouukuta, nikaongeza. Nikamwambia jini amechoka kukaa sikioni, anataka nyumba yake, na ile injini mpya ndiyo nyumba. Na atakayeimimina, nikasema, jini atakaa sikioni mwake mpaka nyumba iwe tayari.

Aliondoka bila kulipia kiraka, wala sikumwita. Jioni ile alimrudishia Fundi sufuria zake zote, amezifunga kwenye gunia. Hakusema sababu. Fundi alimbembeleza barazani mbele ya watu, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akibembeleza. Yule alitazama chini, akakataa.

Fundi alitafuta msubuji mwingine, Korogwe, kisha Mombasa. Ikachukua mwaka na zaidi. Kasha lilipopatikana, injini iliunganishwa, ikafungwa kwenye gogo la mvinje nyuma ya banda. Nilikwenda kutazama, nikajificha nyuma ya watu. Rashidi alizungusha rafadha. Mara moja, mara mbili. Kisha ikashika.

Siwezi kuutia chumvi mlio ule, nao ni kitu pekee katika maisha yangu ambacho sijaweza. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa sawasawa. Ulikuwa kama mtu mwenye afya anavyopumua. Fundi aliweka bisibisi sikioni, la kushoto, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka petroli ikaisha.

Lakini mwaka ule uliopotea ulikuwa umeondoka na subira ya Mgiriki. Yeye ndiye aliyeahidi kununua kiunzi cha ndege ndogo ili injini ijaribiwe angani. Alikuwa ameshachoka kungoja. Aliagiza ndege mpya ya bawa moja, yenye zile injini bapa, silinda zimelala mbili huku na mbili huku, zilizokuja tayari na kitabu chake. Ile kuukuu ikauzwa. Fundi aliitunza mpya kwa muda, kwa adabu, kama mtu anavyomtunza mtoto wa kaka. Kisha akaacha kazi, akahamia Tongoni.

Injini yake iliwaka siku moja. Angani haikufika.

*

Nilikaa na jambo hilo mpaka mwisho wa miaka ya hamsini. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi karakana ya magari, nina koti, nina watu wawili chini yangu, na kucha zangu ni nyeupe. Wivu ulikuwa umepungua, na pale ulipokuwa umekaa pakabaki shimo lenye sura ya yule jirani akirudisha gunia. Siku moja ya Ijumaa, baada ya sala, nikapanda baiskeli mpaka Tongoni.

Mkewe alinipokea, mama mmoja mfupi mwenye macho ya kucheka. Alikuwa ametandika mkeka uani, mzee amekaa mwishoni, bega la kulia karibu na ukuta wa makuti. Alikuwa amezeeka, lakini mikono ilikuwa ile ile, anachonga rafadha ndogo ya mti ya kutishia ndege waharibifu wa mpunga. Kando yake, chini ya gunia, kitu cha duara kilikuwa kimelala, na kuku alikuwa ametagia juu yake. Sikuhitaji kulifunua gunia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba! Msomi! Siku hizi unawaka?" Akacheka mpaka kuku akahama.

Mkewe aliniashiria nikae kushoto, mahali palipokuwa wazi. Kwa heshima ya siku ile, na uzito wa nililolileta, nikazunguka nikakaa kulia. Nikangoja mama aingie jikoni. Kisha nikainama, kwa sauti ya chini, nikamwambia yote. Nikamwambia nilivyomwomba kazi na alivyonipigia mluzi. Nikamwambia aliyemtisha fundi wa kusubu ni mimi, kwa maneno yangu, kwa wivu wangu. Nikamwambia angepata kasha lake mwaka ule, ndege ingejaribiwa, na kwamba mimi ndiye niliyeishusha kabla haijapaa. Nilimwomba radhi. Nililia, na sikutia chumvi.

Fundi alichonga. Kibanzi cha mti kikaanguka, akakipuliza. Alitazama mbele, kwenye migomba. Halafu akanigeukia, akaniona natokwa na machozi, akaweka mkono wake mzito begani mwangu na kutabasamu.

"Kula dafu, Msomi," alisema. "Umetoka mbali."

Nikala dafu. Halijatokea dafu tamu namna ile pwani yote, kutoka Vanga mpaka Pangani. Nilipoaga nilikuwa mwepesi hivi kwamba niliogopa upepo. Mkewe alinisindikiza mpaka baiskeli.

"Mama," nilimwambia, "mumeo ana moyo mkubwa. Nimemweleza jambo zito, nimemkosea vibaya sana. Hakusema neno. Amenisamehe kwa tabasamu."

Alisimama. Yale macho ya kucheka yakanitazama kwa makini.

"Ulikaa upande gani, baba?"

"Kulia kwake. Kwa heshima."

"Basi hajakusikia," alisema. "Sikio lake la kulia limekufa tangu kabla hajanioa, lilipasuliwa na mlio wa ekzosi. Alilificha kwa ajili ya kazi, maana nani angempa kiziwi ndege? Husikia kwa la kushoto tu. Rudi ndani, ukae kushoto, umwambie tena."